Kunguni Ndani ya Chupa ya Jemu

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye simu nikiwa nyuma ya hoteli ninakofanya kazi, namenya viazi. Ulitumwa katika kikundi cha wazazi wote wa darasa la mdogo wangu. Kila mwanafunzi alete arithropoda, angalau mmoja wa kila kundi, wakiwa wamehifadhiwa vizuri na kuandikiwa maelezo. Mradi una maksi. Wazazi walianza kulalamika hapo hapo. Mmoja aliuliza kama wiki ijayo tutaambiwa tulete simba. Mimi sikuandika kitu. Mimi si mzazi. Ni dada mkubwa, niliyeacha shule kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini, na katika kikundi kile huwa nakaa kimya ili nisiulizwe maswali.

Lakini nilikasirika. Kwangu mdudu ni kitu cha kukanyagwa, na sasa nilikuwa natakiwa kumtafuta, kumweka ndani ya chupa na kumtunza. Mdogo wangu alinieleza kwa upole ambao uliniudhi zaidi. Arithropoda hana mfupa ndani. Gamba lake la nje ndilo linalomshikilia, na miguu yake ina viungo vya kukunjika. Mwenye miguu sita ni mdudu. Mwenye minane ni wa kundi la buibui. Halafu kuna kundi la kaa, yaani krustasia, na lile la wenye miguu mingi kama jongoo.

"Na wote ni ukoo mmoja?"

"Ukoo mmoja, dada. Hata kupe. Kupe si mdudu, ni ndugu ya buibui."

"Basi ukoo mzima ni wa hovyo."

Tulimtoa buibui darini, na kupe kwenye sikio la mbuzi aliyekuwa akisubiri kisu nje ya bucha. Jongoo tulimpata chini ya mawe. Kaa alitutesa. Jumapili moja tulishinda mtoni Chania, nimekunja sketi, maji yakinikata miguu kwa baridi, nikining'iniza kipande cha utumbo kwenye uzi hadi mmoja akakishika akakataa kukiachilia. Mdogo wetu wa mwisho aliapa hatakula tena mezani pale chupa za jemu zilipopangwa. Zote tulizijaza spiriti.

Kunguni hatukumtafuta. Alikuwa ukutani.

Tulitoka kijijini kwetu Gakindu; sasa tunakaa Majengo, chumba kimoja katika ploti yenye vyumba vinavyozunguka uwanja na mfereji mmoja wa maji. Wakati huo kunguni walikuwa wameingia ploti nzima na kila mpangaji alikuwa akificha. Watu walijikuna wakisema ni joto, na hapa Nyeri mwezi wa saba hakuna joto. Jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke anayeuza mablanketi ya mitumba, ndiye aliyejikuna kuliko wote. Ningeweza kusema walishuka kwenye bunda lake, lakini sikuwaona wakishuka.

Alikuja kutugombeza kwa sababu ndoo yetu ilikuwa imebaki kwenye mfereji. Macho yake yakaanguka juu ya chupa. Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye moja, akatoka mbio.

"Kujeni muone! Hawa watoto wa Gakindu wanafuga kunguni kwa chupa!"

Watu walitoka kama waliokuwa wakingoja kuitwa.

"Hafugwi," mdogo wangu alisema. "Amekufa. Ako ndani ya spiriti."

"Huyu amekufa. Na watoto wake wako wapi? Si wako kwa kitanda yangu?"

"Na hii ingine ni kaa? Ngai! Mnakula hii kitu?"

"Wanapelekea mganga, hao."

"Ni ya shule," nilisema. "Ni mradi."

"Shule gani inafundisha kunguni? Wewe uliacha shule, utajua nini ya shule?" jirani akadakia.

Hilo lilinichoma. "Kama kunguni wote wako kwa chupa yangu," nikamwambia, "wewe unajikuna nini?"

Watu wakacheka, na tangu siku hiyo hajanisamehe. Mwenye nyumba hakucheka. Ni mama mzee Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo Majengo, na Kiswahili chake ni safi kiasi kwamba nikimjibu najisikia kama nakokota mawe.

"Binti," alisema, "nyumba hii haijapata aibu ya namna hii. Zimimine chupa hizo chooni sasa, mbele yetu. La sivyo, nitatafuta mtu mwingine wa kukaa chumba hicho."

Mdogo wangu alikuwa tayari ameshika chupa mbili. "Wacha nimwage tu, dada."

Nilimshika mkono. Nilijua vizuri chumba kile kilikuwa nini kwetu. Baada ya mazishi ya mama, ndugu za baba walikuwa wametugawa. Anko wa Kiganjo angemchukua huyu mwenye chupa akasimame dukani kwake. Shangazi angebaki na yule mdogo Gakindu. Mimi, wakasema, ni mkubwa, nitajipanga. Nilikataa, nikakodi chumba. Tukikipoteza, ule mgao ungetimia. Lakini niliona pia kwamba tukimwaga tutakuwa tumekiri kwamba kunguni ni wetu, na siku yoyote watu wakiumwa tutafukuzwa kwa hilo hilo. Mtoto angepoteza mradi, na nyumba pia.

"Hatumwagi, Bibi," nikasema. "Na hatuhami. Kodi yako tumelipa."

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikakuta hakuna mlango.

Kwetu ndivyo mtu anavyohamishwa bila kupelekwa kortini. Fundi anakuja, anafungua bawaba, mlango unabebwa. Bibi hakuuacha uwanjani usije ukaibwa. Aliusimamisha ndani kwake, kwenye ukumbi, karibu na chumba chake cha kulala. Nilitundika blanketi. Upepo wa mlimani uliliinua utakavyo, na kila aliyepita alipunguza mwendo atazame tunavyoishi. Nilimwomba tajiri wangu nimenyee viazi nyumbani, ili chumba kisibaki bila mtu. Jirani alipita mara nyingi kuliko alivyohitaji maji.

Anko alipiga simu. "Nasikia mnalala nje."

"Tunalala ndani."

"Ndani bila mlango ni nje. Jumamosi nakuja na pikapu. Ukaidi wako nimeuchoka."

Jioni hiyo mdogo wangu alikuwa akimalizia maelezo ya kunguni, akiyasoma kwa sauti: miguu sita, hana mabawa, hatembei mbali, huenda anakobebwa, mchana hujificha kwenye nyufa za mbao. Akatazama fremu, pale bawaba zilipokuwa. Kulikuwa na vidoadoa vyeusi vya kinyesi chao, kama wino umerushwa, na mlango wetu ulikuwa wa mbao kuukuu iliyopasuka juu hadi chini.

"Dada. Tumwambie Bibi?"

"Hapana."

Sijutii. Hakuna aliyekuwa ametuambia sisi kitu kunguni walipoingia.

Siku chache baadaye godoro la Bibi lilikuwa uwanjani, juani. Jirani ghafla hakuhitaji maji. Bibi alikuja mwenyewe hadi kwenye blanketi letu, mikono ameifunika vizuri.

"Ulijua?"

"Ni wewe ulibeba, Bibi."

Hakukuwa na upendo machoni pake. "Fundi atarudisha," alisema. "Na dawa itapigwa vyumba vyote. Wewe utafungua kitanda chako kwanza, nikiona."

"Nitafungua. Na huyu wa mlango wa pili atafungua mablanketi yake."

"Nimesema vyumba vyote."

Fundi alirudisha mlango Ijumaa, umemwagiwa maji ya moto na kupakwa mafuta ya taa hadi chumba kikanuka kama stovu. Niliusukuma na kuuvuta mara kadhaa ili kila mtu asikie unavyojifunga.

Jumamosi pikapu ilisimama nje ya ploti. Majirani walitoka, wengine na vikombe vyao vya chai, watazame tukipakia. Nilisikia hatua za anko zikija, zikasimama. Ilibidi abishe. Nilimwacha abishe tena.

"Karibu, anko," nikasema nilipofungua. "Chai iko. Watoto hawaendi."

Hakuketi. Alitazama bawaba, akatazama watoto, akatazama chupa mezani.

"Hii ni nini?" aliuliza akimwonyesha kaa.

"Krustasia," mdogo wangu akasema.

"Mama yenu hakuwalea hivi."

"Hakuwalea nusu Kiganjo na nusu Gakindu pia," nikamwambia.

Alitoka bila kuaga. Pikapu ilirudi tupu, na wale waliokuwa wamesimama kutazama waliingia vyumbani mmoja mmoja, chai imewapolea mikononi.