Mzee Aliyekuja Kuutazama Mlango wa Gari Langu

Mtu akikukodolea macho wewe, utamuuliza ana shida gani, mtamalizana. Lakini huyu mzee mimi hakunitazama hata kidogo. Alikuwa analitazama gari langu.

Mara ya kwanza ilikuwa Bamburi, pale ninapooshea gari. Mzee wa miaka sabini hivi, kanzu nyeupe, kofia kichwani. Akalizunguka gari, akainama kwenye mlango wa kushoto, akauvuta kidogo, akaurudisha. Kisha akatoa kikaratasi mfukoni, akakilinganisha na namba ya gari.

"Mzee, vipi hapo?" nikamwita kwa mbali.

Akashtuka. Mpaka nafika, keshapanda tuktuk, kala kona.

Mara ya pili ilikuwa Nyali, nje ya maduka makubwa. Mara ya tatu, amini usiamini, ilikuwa mtaani kwetu Kisauni, hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Mimi naitwa Lenox, na ni mtu wa kushuku. Sikatai. Mke wangu Eddah husema hata salamu mimi huifungua kwanza nione ndani mna nini. Lakini hebu niambie, wewe ungelala?

Gari lenyewe ndilo linalotulisha. La viti vinane, mtumba wa Japani. Asubuhi nawabeba wafanyakazi wa hoteli hadi Nyali, jioni nawarudisha. Nililinunua mwaka jana kwa dalali mmoja, likaja na ufunguo mmoja tu.

"Wa pili ulipotea," dalali akasema. Nikaguna, nikalichukua.

Lilikuwa na kasoro moja. Mlango wa ubavuni, ule wa kusukuma, ulikuwa na mazoea ya kujiachia wenyewe. Unapita tuta, unasikia "tak", mara upepo huo ndani. Fundi alibadilisha kitasa mara mbili, vyote vya mtumba, na vyote vikafanya vile vile.

Masha, mpishi wa hoteli aliyezoea kukaa pale mlangoni, alinilalamikia kila wiki. "Lenox, siku moja utatumwaga barabarani kama kokoto za lori la Mwakirunge."

"Usiegemee, basi," nikamjibu, na gari zima likacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu. Abiria wote walijua mlango wa kushoto hauegemewi.

Sasa, siku moja narudi nyumbani mchana, namkuta Eddah kasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Baba Gona, yule mzee alikuja hapa."

"Akasemaje?"

"Kapiga hodi kwa adabu, kanisalimu, kauliza mwenye gari yuko wapi. Nikamwambia umehamia Malindi."

Jamani, nilimpenda mke wangu siku hiyo.

"Lakini kuna jambo," akaendelea, na sauti akaishusha. "Mkononi alikuwa na ufunguo wa gari. Sawa sawa na wako."

Ule ufunguo uliopotea!

Mambo yakajipanga kichwani mwangu yenyewe. Hili ni genge. Wanakuuzia gari, wanabaki na ufunguo, kisha wanamtuma mzee mwenye sura ya heshima apeleleze unapoegesha. Nikampigia dalali. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Ningetaka ushahidi gani mwingine?

Nikaanza kulifunga gari kwa mnyororo. Nikabadilisha njia. Abiria wakinisalimu, natazama nyuma yao kwanza. Siku ya tano nikachoka, nikaamua kuliuza. Nilijiambia maneno haya, na nayaandika kama yalivyokuwa: acha wamfuate mwingine.

Mnunuzi alikuja upesi. Mwalimu Ruth, wa Changamwe, mwenye chekechea yake ndogo kule Magongo. Alipotaka kulijaribu, nilimpitisha njia za Nyali zilizonyooka, zisizo na matuta. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeupaka mlango mafuta na kubananisha kitasa kwa kipande cha mpira.

"Kaka, niambie ukweli," akasema. "Nitabebea watoto. Lina tatizo lolote?"

"Hakuna, dadangu. Liko sawa."

Ulimi haukujikwaa. Ila neno "watoto" lilinichoma, na nilijua kwa nini linanichoma. Nikasaini hivyo hivyo.

Siku nne baadaye nimeketi Bamburi nakunywa kahawa, nikamwona yule mzee anavuka barabara kunijia. Safari hii sikuogopa. Gari sina, utaniibia nini?

"Shikamoo, mzee. Mbona wanifuata?"

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Boga, watu wa Likoni. Gari lile lilikuwa langu kabla yako."

"Najua. Na ufunguo unao."

"Ninao." Akautoa, akaniwekea kiganjani. "Chukua. Dalali alikuwa na haraka, nikaja kuukuta kwenye kabati. Ni haki yako."

Mzee akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kiboksi. Ndani mlikuwa na kitasa cha mlango, kipya, hakijaguswa.

"Alhamisi naondoka kwenda Hija, inshallah," akasema. "Na mtu haendi Hija ana haki ya mwenziwe shingoni. Nimewazunguka wote niliowakosea, nikiwataka radhi. Umebaki wewe."

"Mimi? Hata hunijui."

Ndipo akanieleza. Mkewe alikuwa amekaa karibu na ule mlango, wakapita tuta kule Likoni, mlango ukafunguka. Mama wa watu akaanguka, akavunjika nyonga. Mkwewe Jafar, anayefanya kazi ya kutoa magari bandarini, akaiweka namba ya chesisi, ile iliyochongwa kwenye mwili wa gari, kwenye orodha ya watengenezaji mtandaoni. Kumbe magari ya toleo lile yaliitwa yarudi kiwandani, kwa sababu kitasa cha mlango ule hakishiki. Huko Japani wenyewe walibadilishiwa bure. Hili letu lilikuwa limeshapakiwa melini.

"Nikajua ugonjwa wa gari," akasema mzee, "na mwezi uliofuata nikampa dalali, nikanyamaza. Wallahi, nilinyamaza. Siku ile uliponiita nilishikwa na haya, nikakimbia. Mwanangu, nisamehe. Jafar yuko pale na gari lake, fundi nimeshazungumza naye. Lako liko wapi tulitengeneze?"

Nikatazama kikombe changu.

"Nimeliuza."

"Kwa nani?"

"Mwalimu wa chekechea. Changamwe."

"Ulimwambia habari ya mlango?"

Nikatikisa kichwa. Mzee Boga akavuta kiti, akaketi taratibu.

"Basi sasa tuko wawili," akasema.

Nikampigia Mwalimu Ruth. Sikumaliza hata salamu.

"Nilijua tu! Umepata mtu wa bei nzuri zaidi, sasa unalitaka gari lako. Usinipigie tena!" Akakata. Nikapiga mara ya pili, keshanifungia.

Jafar alituendesha hadi Magongo. Tulifika watoto wakiwa wameshapakiwa, gari linanguruma langoni. Nikaruka chini, nikakimbia mbele ya gari nikiwa nimeinua mikono yote miwili. Nilisahau kwamba mkono mmoja umeshika ule ufunguo.

Ruth akauona.

"Ana ufunguo wa pili! Mwizi wa magari! Jamani, mwizi!"

Changamwe ukiitwa mwizi, huulizwi jina. Mafundi wa ng'ambo ya barabara walinifikia kwanza. Mmoja akanikaba shati, mwingine nilimwona anaokota jiwe. Mzee Boga akajitia katikati na kanzu yake, "Mwacheni aseme! Mwacheni aseme!"

"Mlango wa gari ni mbovu!" nikapiga kelele.

"Mwongo!" Kofi likanipata shingoni.

Nilikuwa nimebakiwa na neno moja, lile nililokuwa nalikwepa tangu Bamburi.

"Nilimdanganya! Mlango ulikuwa mbovu, na nilijua, na aliponiuliza nikamwambia liko sawa!"

Mikono ikalegea. Mwizi gani anajishtaki hivyo?

Ruth akazima gari. Akashuka, akazunguka upande wa kushoto, akausukuma ule mlango mpaka mwisho. Hapo mlangoni alikuwa ameketi msichana mdogo, miaka mitano hivi, mikono kaikunja mapajani kama amekatazwa kupumua.

Ruth akamtazama muda mrefu.

"Jana mlango ulifunguka kwenye tuta," akasema, na wala hakuwa anasema na mimi. "Nilidhani ni Nadira kauchezea. Akalia akisema si yeye. Nikamchapa. Na leo nimemkalisha hapa hapa mlangoni, ajifunze kukaa bila kugusa kitu."

Yule wa jiwe akaliangusha.

Ruth akapiga magoti kwenye vumbi. "Nisamehe, mama."

"Nilikwambia, mwalimu," mtoto akasema. "Si mimi."

Nilichuchumaa karibu yake. Mzee Boga aliyapata maneno ya kuniomba mimi radhi. Mimi ya kwangu hayakuja. Machozi ndiyo yaliyokuja, mbele ya mafundi wote wale.

"Ni kweli, si wewe," nikamwambia. "Ni mimi."

Akanitazama kama anayepima. Kisha akauliza, "Sasa naweza kukaa nyuma na wenzangu?"

Kitasa kipya kilifungwa jioni ile. Mzee Boga nilimsamehe kabla hatujaondoka Magongo, na Alhamisi akasafiri. Ruth mimi hajanisamehe, na sijamlaumu.

Wewe unayesoma, ukinunua mtumba, chukua namba ya chesisi, itafute mwenyewe kwenye orodha ya watengenezaji. Usimwamini dalali, na mtu kama mimi usimwamini kabisa. Ukimshuku mtu, muulize anataka nini kabla hujamkimbia. Na ukiuza, taja kasoro yote. Mnunuzi akikimbia, mwache akimbie, maadamu anakimbia kwa miguu yake yote miwili.