Kiambo Kikapata Mwenyewe

Mimi ndiye niliyewashika wazee vidole. Mmoja baada ya mmoja nilivikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na ami yangu amesimama nyuma yangu akisema, "Vizuri, mwanangu, vizuri." Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma skuli mjini, na katika kiambo chetu karibu na Mkokotoni hapakuwa na mwanamke mwengine aliyejua kusoma.

Kiambo kile hakikuwa cha mtu. Mnazi ulikuwa wa aliyeupanda na wanawe, nyumba ya aliyeijenga, lakini ardhi yenyewe, kisima na makaburi, vilikuwa vyetu sote tuliotokana na babu mmoja. Aliyeoa alioneshwa pa kujenga. Aliyeachwa alirudi, akaoneshwa pake.

Ami, ndugu wa marehemu baba yangu, alikuwa karani bandarini Malindi, kule mjini. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, na karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Akawaambia wazee kuwa serikali inachukua ardhi isiyo na waraka, na kwamba yeye atatuandikishia sote. Nikaanza kuzisoma.

"Huna haja ya kusoma yote," akanambia. "Lugha ya mahakama hiyo."

Kiingereza changu kilikuwa cha skuli. Niliona aibu kusema sikifahamu, nikaziacha. Mpaka leo hasira zangu huanzia hapo, kwangu mwenyewe, kabla hazijamfikia yeye.

Mwaka uliofuata shangazi yangu aliachwa. Alirudi na watoto wawili, akaanza kuchimbia nguzo za kibanda ubavuni mwa nyumba ya Bibi, mama yake. Ami akaja kutoka mjini na koti lake, akazing'oa kwa mikono yake. Nguzo za dada yake wa tumbo moja!

"Ardhi hii ina mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani?" Bibi akamuuliza mwanawe.

"Mimi, mama. Peke yangu. Nyinyi wenyewe mlitia dole."

Tukaenda mahakamani mjini, Bibi, shangazi na mimi. Hakimu hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliuliza kwa upole, karani wake akifasiri.

"Kabla ya waraka huu, ardhi ilikuwa ya nani?"

"Yetu," Bibi akajibu.

"Nyinyi nani? Nipe jina moja."

"Moja haliwezekani, bwana."

Akaanza kututaja. Alianza na wazee wake waliokwishakufa, akaja kwa ndugu zake, akaja kwa watoto. Akamtaja hata ami, maana naye alikuwa wetu. Hakimu aliandika jina la kwanza na la pili, kisha akaiweka kalamu chini. Bibi hakumuona, macho yake yalikuwa mabovu, akaendelea kutaja. Karani akacheka. Ningekuwa na jiwe, ningemtupia.

Tulishindwa. Shangazi akaenda Mbweni kupika kwenye nyumba za watu. Ami akazungusha seng'enge. Bibi aliachwa akae, kwa ruhusa. Ruhusa! Mtu kazaliwa pale, kazalia pale, leo anakaa kwa ruhusa ya mwanawe wa kumzaa.

Miaka miwili baadaye nikaposwa. Baba kafa, kaka sina, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni ami. Nilikwenda kwa kadhi mwenyewe.

"Simtaki aniozeshe," nikasema. "Ametukata."

"Damu haikatwi kwa waraka, mwanangu. Yeye ndiye walii wako."

"Basi ardhi yetu mbona imekatwa?"

"Hiyo haikuja kwangu," akasema, akafunga daftari lake.

Ami akaja na kanzu mpya. Nilimsikia kutoka chumbani akimtamkia bwana harusi kuwa ananioza mimi, binti ya ndugu yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha akaingia chumbani kunipa mkono.

"Hunipi shikamoo, mwanangu?"

Bibi akanifinya pajani, akanifinya tena. Mkono wa ami ulikaa hewani mbele ya wanawake wote, na mimi wangu niliuficha ndani ya kanga. Mwisho akaurudisha, akatoka, hakugusa hata pilau. Mume wangu aliona nimemvunjia ami heshima mbele ya watu, na siku yetu ya kwanza ya ndoa tuliimaliza kwa ugomvi. Aliniambia nimwombe radhi ami yangu. Sikumwomba.