Joto Nyuma ya Mashine ya Barafu

Yasmin Rajabo alifaulu mtihani wa darasa la kumi Novemba 2024, akiwa na miaka kumi na sita. Kwa mama yake, Zaida, muuza samaki wa bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, njia ilikuwa moja tu: darasa la kumi na moja, la kumi na mbili, kisha uuguzi. Yasmin hakubisha. Hakuwa na kingine cha kutaka.

Desemba mashine ya barafu ya wauza samaki ikadhoofika. Barafu ilitoka kidogo, tena ya majimaji. Zaida akafanya afanyavyo kwa samaki jua likizidi: akaifunika mashine kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, mbele na nyuma. Kesho yake ikazimika kabisa.

Akaja fundi Jerónimo, mtu wa Mueda, nyanda za Wamakonde mbali na bahari.

"Nani kaivika sanda?"

"Mimi. Baridi ilikuwa inakimbia. Na wewe Mmakonde, samaki umeanza kuwajua lini?"

"Tangu nilipoanza kula kwako, mama."

Akayaondoa magunia, akafuta chumvi, akaiwasha. Kisha akamwambia Yasmin, aliyekuwa amesimama na mama yake, aweke mkono nyuma ya mashine. Upepo wa moto ukampiga kiganjani.

"Joto hili linatoka wapi, mestre?"

"Kwenye maji yaliyomo ndani. Mashine haitengenezi baridi, binti. Inalichukua joto la maji na kulitupa nje. Mkiziba huku, halina pa kwenda."

Yasmin akahamia mbele, kwenye bomba la shaba. Umande ulitokea juu yake, ukawa mweupe, ukaanza kutambaa huku anautazama, katika jua lile la Desemba. Akarudi nyuma, akaja mbele, akarudi tena. Barafu aliijua tangu utotoni. Hakuwahi kufikiri kwamba ni maji yaliyoondolewa kitu.

"Mama, nataka kusoma hii."

"Usome friji? Muuguzi, enfermeira, anavaa nyeupe. Wewe utavaa grisi."

"Nitanawa."

"Na chuo kiko mjini Pemba; huko utakaa kwa nani?"

"Kwa mama mdogo."

Zaida alizunguka nyuma ya mashine, akaweka kiganja palepale alipokuwa ameziba, akakiacha hapo.

"Subhanallah," alisema. Halafu, bila kugeuka: "Nguo zako za grisi usiniletee mimi nifue."

Masomo ya ufundi wa majokofu yanaanza Februari katika chuo kimoja cha ufundi mjini Pemba, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo. Yasmin ameshaandikishwa.