Karani wa Likizo Aomba Likizo

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye karani wa likizo katika ofisi yetu. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili. Sisi wengine tunamwita Bwana Fomu, naye amelipokea kama cheo. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu aliyekwenda kupumzika bila kupita mezani kwake. Dereva akifiwa na bibi yake, humzika kwanza kwenye nakala tatu.

Yeye mwenyewe hajawahi kwenda popote. "Nikiondoka, nani atapokea fomu?" husema, kwa sauti ya mtu aliyeishikilia dunia isidondoke.

Mimi ni tarishi hapo hapo. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nasema nikiulizwa. Huwa siulizwi.

Dada yangu anafua mashuka ya hospitali. Jikoni kwake kuna kalenda ya mwaka waliooana. Ina picha ya vilima vya kijani vinavyoshuka hadi pwani, na nyuma ya ufuo maji matulivu yanajipenyeza kati ya minazi kama vichochoro, boti lenye kibanda limetulia katikati. Wiki ya kwanza ya ndoa shemeji aliinyooshea kidole akasema, "Nitakupeleka hapa." Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki, ahadi ikashika masizi.

Mwaka huu dada alichoka kuingoja. "Nakwenda," alisema huku akikunja nguo. "Nimeona maji maisha yangu yote, na yote yana sabuni. Mgongo huu hauna miaka mingi ya kunisubiri. Ukija, njoo. Usipokuja nitakuletea picha."

Bwana Fomu akafanya kile anachokijua: akafungua daftari jipya.

Alitumia miezi miwili kuipanga safari. Nimelisoma daftari lile, na sijaona jela yenye ratiba safi kama ile. "Saa mbili kamili: kupanda kilima, dakika arobaini. Kushangaa mandhari, dakika kumi. Kushuka." Mvua ilipangiwa Alhamisi mchana. Maji ya nyuma ya pwani yalipewa ukurasa wa kumi na moja, na chini yake mstari mwekundu: "Kicheko kisizidi, boti litayumba."

"Na kulala mchana?" dada aliuliza.

"Kupo, mke wangu. Robo saa, ukurasa wa kumi na tisa."

"Robo saa! Hiyo ni kulala au kupepesa macho?"

Jumapili moja niliwakuta sebuleni wamekaa kwenye benchi, mmoja nyuma ya mwingine, wakifanya mazoezi ya kukaa botini. Dada alisimama kunikaribisha. Shemeji akapiga kelele, "Umeshatuzamisha!" Dada akaniangalia. "Karibu, mdogo wangu," akasema. "Sisi ni marehemu, lakini chai ipo."

Sasa niseme fomu zinavyokwenda, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mtu akileta fomu, Bwana Fomu huikagua, huipiga mhuri wa kupokelewa, huiweka kwenye trei. Mimi huibeba trei saa nne kwenda kwa mkuu wa ofisi, anatia sahihi, naileta, naiweka kwenye faili. Fomu yake aliijaza kwa mwandiko ambao ungeweza kutundikwa ukutani. Akajiletea. Akaipokea, akaipiga mhuri. Na kwa kuwa mwombaji na mpokeaji waliaminiana sana, akaiweka moja kwa moja kwenye faili. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Niliiona siku hiyo hiyo nikipanga makabati. Kisanduku cha sahihi ya mkuu kilikuwa cheupe kabisa. Nikaenda mpaka mezani kwake.

"Shemeji..."

"Nini?"

Alikuwa ametoka kumrudishia mhasibu fomu yake kwa kosa la kusahau nukta. "Hakuna," nikasema.

"Kama hakuna, nenda na hiyo hakuna yako taratibu. Unanitikisia meza."

Nikaenda nayo. Nilikaa nayo wiki tatu.

Ijumaa ya mwisho, mkuu alitoka chumbani kwake kumtakia safari njema. "Nasikia unatuacha, Bwana Fomu. Ajabu, sikumbuki kutia sahihi."

Bwana Fomu alitabasamu kwa huruma, kama daktari kwa mgonjwa mbishi. Akafungua faili. Tabasamu likabaki usoni, lakini mwenyewe hakuwepo tena nyuma yake.

"Lete hapa," mkuu akasema, na kalamu tayari ameitoa. "Natia sasa hivi, uende zako."

Mtu mwingine yeyote angeibusu ile kalamu. Bwana Fomu akageuka, akatazama tangazo ukutani, aliloliandika mwenyewe: FOMU ISIYOSAINIWA SIKU KUMI NA NNE KABLA SI LIKIZO.

"Haiwezekani, mkuu," akasema. "Imechelewa."

"Mimi ndiye mkuu, nakuruhusu!"

"Nimewakatalia watu mia tatu na kitu kwa tangazo hili. Kuna mmoja alikuwa anakwenda kuoa."

Mkuu akarudisha kalamu mfukoni, akaenda zake akitikisa kichwa. Mimi nikasikia mtu anasema, "Na dada je?" Nilitazama huku na huku kabla ya kutambua kwamba ni mimi.

Shemeji hakuniangalia. "Dada yako ruhusa ya hospitali anayo. Na wewe likizo yako nilikujazia tangu mwezi juzi, siku zako zilikuwa zinakaribia kupotea. Ilisainiwa, inaanza Jumatatu hii." Akanisogezea tiketi yake na lile daftari. "Usimruhusu asimame botini."

Nyumbani dada alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliiona fomu?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Sikuulizwa."

Akashusha pumzi. "Ningejua, ningewaoza nyinyi kwa nyinyi, nikabaki na amani yangu."

Hata hivyo alinifungia sanduku.

Kilima tulikipanda kwa saa mbili na nusu, tukashangaa bila kipimo. Mvua ilinyesha Jumanne, haikuwa imesoma daftari. Jumatano tukaingia kwenye boti, maji yakitandazika mbele yetu kimya, minazi imeinama pande zote mbili. Dada alivua viatu, akatumbukiza miguu majini.

Saa nne na robo simu ikalia.

"Ukurasa wa kumi na moja," shemeji akasema. "Mmeshashangaa?"

Nikampelekea dada swali. Akajibu bila kugeuka, "Mwambie bado. Fomu ya kushangaa haijasainiwa."

Nikamwambia. Simuni nilisikia mhuri wake ukigonga mara moja, kisha ukaacha.

"Hayo maji," akauliza kwa sauti ndogo, "yakoje?"

Basi, nikawa nimeulizwa. Nikamweleza rangi yake, na yanavyopinda nyuma ya kila kona, na miguu ya mkewe iliyoanza kusinyaa kwa kukaa majini, na kwamba amesimama mara mbili na hatujazama. Niliongea mpaka saa ya chakula ikapita, kinyume kabisa na ukurasa wa kumi na mbili, na yeye, ambaye hakumwachia mtu hata nukta, hakunikatiza.