Siku Wageni wa Kampuni Walipobeba Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sufuria, si ya kupikia bali ya kuosha. Ilikuwa hoteli ya ufukweni kusini mwa Mombasa, nami nilikuwa msichana wa Koyama, kisiwa cha Wabajuni karibu na Kismayo, niliyetoka kambi ya wakimbizi baada ya sisi kukimbia vita vya Somalia vya mwaka wa tisini na moja. Sufuria yenyewe ilikuwa kubwa, hata ikabidi niingize kichwa na mabega ndani ili nifike chini. Msimamizi wa Jikoni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alipitisha kidole ndani yake, akakitazama, akasema, "Rudia." Nilirudia mara tatu. Mara ya nne alinisogezea sufuria nyingine, nikajua nimepata kazi.

Siku hizo mtu hakuingia jikoni akashika mwiko. Ulianza kuosha, ukaja kumenya, ukaja kukata, na moto ulikuwa wa mwisho. Mwaka mzima nilimenya vitunguu na viazi. Mpishi Mkuu wa pale ndiye aliyenifundisha kupanga bufee, yaani chakula kinachowekwa mezani mgeni ajipakulie mwenyewe. Tena alinizoesha kuonja maji kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. "Maji yakiwa mabaya, bizari haitakusaidia," aliniambia. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, nikapanda hadi mpishi msaidizi, na mpaka leo namwombea dua.

Kisha nikaitwa Kismayo. Hoteli mpya ilikuwa imejengwa ufukweni nje kidogo ya mji, na Meneja alitafuta mtu anayejua mapishi ya pwani yetu. Alikuwa Msomali wa mji uleule, mpole, shati lake limepigwa pasi hata siku za joto kali. Nilimwambia wazi kwamba Kisomali changu kimechakaa kwa kukaa Mombasa. Akasema, "Mama Zuhra, wageni watakula, hawatakuuliza sarufi." Hivyo nikawa mpishi mkuu, nikiwa na wasaidizi sita chini yangu.

Mwaka wa kwanza wageni walikuwa wa kuokoteza. Ndipo kampuni moja ya kusafirisha mizigo ikaomba kuleta wafanyakazi wake siku tatu. Wenyewe waliyaita mafungo ya kazi: watu wanatolewa ofisini, wanawekwa mahali pa utulivu, wapange mambo yao na wajuane. Walikuwa thelathini na sita, nusu wa makao makuu ya Mogadishu, nusu wa tawi la Kismayo. Meneja alituita sote akatuambia kwamba tukiwahudumia vizuri hawa, kampuni nyingine zitafuata. Tukiharibu, hajui kama tutafika mwaka wa pili.

Mpishi hujua mengi kwa kutazama meza. Chakula cha mchana cha siku ya kwanza, watu wa Mogadishu walikaa upande wa bahari na wa Kismayo upande wa ukuta, na katikati meza mbili zikabaki tupu. Mhudumu alinieleza kuwa wana ugomvi wa muda mrefu. Mizigo ilikuwa ikiharibika njiani na kila upande ukimlaumu mwenzake. Mkurugenzi wao, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliwachezesha mchezo wa kuvuta kamba mchangani. Walivuta kwa hasira hata mmoja akateguka kidole.

Asubuhi ya pili niliamka nikaonja maji kama kawaida. Yalikuwa mazuri lakini tangi lilikuwa linakaribia kukauka. Boza, lori linalotuletea maji matamu, lilikuwa limevunjika ekseli njiani na lisingefika siku hiyo. Kisima chetu wenyewe kilikuwa cha chumvi, tukikitumia kwa vyoo na usafi tu. Mtunza stoo akanivuta pembeni.

"Tuchanganye nusu kwa nusu," alisema. "Kwenye pilau hawatajua."

Sitawaficha, nilikaribia kukubali. Nilifikiria wasaidizi wangu sita na nyumba zao. Meneja akaingia, akasikiliza, akaniuliza mimi, si mtunza stoo.

"Wewe ungeyanywa?"

"Hapana."

"Basi nitawaambia."

Alikwenda ukumbini hivyohivyo, mbele ya watu thelathini na sita, akasema maji yamekwisha, kosa ni letu kwa kutegemea lori moja, na anayetaka kuondoka tutamtafutia gari. Nimewahi kuwa na wakubwa wengi. Sijaona mwingine aliyesimama namna ile bila kumsukumia mtu lawama.

Bwana mmoja alikusanya begi lake akaondoka kwa hasira. Wengine walinung'unika. Mkurugenzi aliuliza tu, "Maji ya karibu yako wapi?"

Nikamjibu mimi. Nyuma ya hoteli, mwendo wa dakika mbili, alikaa Bi Khadija, mzee wa kisiwa cha Ngumi aliyerudi kutoka ukimbizini. Uani kwake palikuwa na jabia, birika la kuhifadhia maji ya mvua alilojenga babu yake alipohamia hapo. Njia ya kufika huko ilipita katikati ya kuta za mawe, nyembamba, gari haliingii. Nilitangulia kumwomba, Meneja akinifuata, na nyuma yetu Mkurugenzi na watu wake wakibeba madumu ya jikoni. Bi Khadija alichungulia mlangoni akaona msururu wa watu wenye suruali za ofisini.

"Hawa wachu wote ni wako?" aliniuliza kwa Kibajuni chetu.

"Ni wageni wetu, bibi. Hawana maji."

"Mimi nanywea haya mpaka mvua ije."

Meneja akamwambia, "Mama, boza likifika litaanza kwako kabla halijagusa tangi langu." Bi Khadija akafungua kifuniko cha jabia.

Walisimama mstari mmoja kutoka uani mpaka jikoni, wakipokezana madumu. Wa Mogadishu walishika upande wa jabia, wa Kismayo upande wa hoteli. Pale walipokutana walisimama mkuu wa maghala wa Mogadishu na mkuu wa tawi la Kismayo, watu ambao walikuwa hawasalimiani. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwao nikipangusa madumu.

"Kifuniko hakijakazwa," alisema mkuu wa tawi.

"Kimekazwa."

Maji yakammwagikia mkuu wa tawi miguuni. "Na mizigo yako unaniletea hivihivi," akasema.

Mkuu wa maghala akaanza kucheka, na mwenzake akashindwa kujizuia. Waliendelea kupokezana, sasa wakizungumza: nani anafunga, nani anakagua, kwa nini karatasi hufika baada ya mzigo. Kufika adhuhuri bado walikuwa wanazungumza.

Kwangu jikoni palikuwa na hesabu yake. Sahani thelathini na tano, mara mbili kwa siku, zinakunywa maji kuliko watu. Nikaziacha kabatini. Nikachoma samaki aina ya changu kwa ndimu na pilipili, nikapika wali wa nazi sufuria moja, nikapakua kwenye masinia, watu wanne wanne, wanawake kwao na wanaume kwao. Masinia yalikuwa machache, kila mtu akakaa palipo na nafasi, wa Mogadishu kando ya wa Kismayo. Mkurugenzi alikuja mlangoni akatazama meza za ukumbi, zote tupu, na watu wake wote chini kwenye mikeka.

"Mama," aliniambia, "nimewalipia mwalimu wa kuwapatanisha. Kumbe ningekuajiri wewe."

Boza lilifika kesho yake baada ya alasiri. Meneja alisimama mwenyewe kwa Bi Khadija akishika mpira mrefu wa maji uliovutwa kutoka kwenye boza mpaka jabia likajaa, ndipo akarudi kwetu. Kampuni ile ilirudi mwaka uliofuata, na nyingine zikaja.

Nilistaafu mwaka jana, magoti yalipokataa sakafu ya jikoni. Vijana huniuliza siri ya kazi yetu, wakitaka viungo. Mimi huwaeleza habari za wakubwa niliowatumikia, maana bila wao ningebaki na viungo tu.

Siku ya kuniaga, Meneja aliniuliza nataka nini. Nikasema nataka kufika Koyama. Tulikwenda watu wote wa jikoni kwa mashua ya injini. Wasaidizi wangu walinikalisha kwenye mkeka, wakanikataza kugusa chochote, wakapika wenyewe na kunipakulia. Sikuwahi kupakuliwa na jikoni yangu. Wali ulikuwa umezidi maji kidogo. Nikala mpaka nikamaliza.