Mguu wa Kupigia Magoti

Lusungu wa Ibaba alipoteza mguu wa kulia mwaka 1946, akiwa na miaka thelathini na minne, na hakumlaumu mtu. Alikuwa mpasuaji mbao. Siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeuzunguka mti mara mbili, akautazama juu na chini, kisha akatangaza kwamba utaangukia upande wa bonde. Mti ukaangukia upande wa mlima. Wenzake wawili, ambao hawakuwahi kumwamini katika mambo hayo, walikuwa wamesimama upande wa bonde, wakapona.

Walimbeba kwenye machela siku mbili hadi hospitali ya misheni, na huko akakatwa chini ya goti. Aliporudi nyumbani aliacha kupasua mbao akawa seremala wa milango, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya amekaa. Akajichongea magongo mawili. Lakini Ibaba ni milima mitupu. Gongo la kushoto likikanyaga juu, la kulia linaning'inia. Na mtu wa magongo mawili hana mkono wa kubebea kitu. Hilo ndilo lililomuuma. Alitengeneza milango mizuri, kisha mkewe, Nesta, ndiye aliyeibeba kichwani kuwapelekea wenyewe, naye akimfuata nyuma bila mzigo kama mgeni.

Mwaka 1951 Barnaba, tabibu msaidizi wa ile hospitali, alileta habari. Kulikuwa na chama kikubwa cha kusaidia watu waliokatwa viungo duniani kote. Makao yake yalikuwa Ulaya, katika mji ambao Barnaba alijaribu kuutamka mara tatu, akaacha. Chama hicho kilikuwa kimeleta sanduku la miguu ya bandia.

Lusungu akaenda. Sandukuni mlikuwa na miguu kumi na miwili, na tisa kati yake ilikuwa ya kushoto. Mmoja wa kulia ulimfaa, ila ulikuwa mrefu kwa inchi mbili.

"Nipe msumeno," Lusungu alisema.

"Haukatwi," Barnaba alimjibu. "Ni mali ya Chama."

Wakakubaliana aongezewe soli ya inchi mbili kwenye mguu wake mwenyewe, ambao haukuwa mali ya Chama.

Ulikuwa mguu mzuri, uliopakwa rangi ya waridi na kuvishwa kiatu cheusi cha kamba. Kwenye sakafu ya hospitali Lusungu alitembea nao hatua arobaini, na wauguzi wakapiga makofi. Siku ya pili ya safari ya kurudi nyumbani alikuta mteremko wa udongo mwekundu ulionyeshewa mvua asubuhi. Kiatu kile kilikuwa na soli laini kama sahani. Alifika chini mapema kuliko alivyokusudia.

Nesta alikuwa anapalilia viazi alipomwona mumewe akija kwa magongo, mguu umefungwa mgongoni kwa kamba.

"Ndio huo?" aliuliza.

"Ndio huu."

"Mbona unaubeba wewe?"

Lusungu aliingia kwenye banda lake la kazi, akaufungua mguu wa Chama kipande kimoja kimoja, akavipanga vipande juu ya mkeka, akavitazama siku nzima. Kikombe cha ngozi kinachopokea kigutu kilikuwa kimetengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Akakiweka pembeni kwa heshima. Mikanda nayo ilikuwa mizuri. Sehemu iliyobaki, alisema, ilichongwa na mtu ambaye hajawahi kuona tope.

Akachonga mwingine kwa mringaringa, mti mwepesi usiopasuka ovyo, akaufungia kikombe kile na mikanda ile. Badala ya kiatu aliweka wayo mfupi na mpana, akaupigilia kipande cha tairi la lori. Wa kwanza ulimchubua. Wa pili ulivunjika. Wa tatu Nesta aliutumia kuchochea moto kabla ya kuambiwa ni nini. Wa nne ulikaa.

Wiki ya tatu ya kuuvaa aliinua mlango wa mwalimu wa kanisa, akauweka kichwani, akapanda nao maili mbili. Jioni ile Nesta alimsikia akiimba nyuma ya nyumba, jambo ambalo hakulipenda, maana mumewe hakuwa na sauti. Lakini alimwacha amalize beti zote.

Habari zilishuka milimani zikafika mbali. Ndipo siku moja ya mwaka 1953 akaja mwanamke kutoka bonde la Momba, anaitwa Anastazia, mke wa mkulima wa mtama. Mamba alikuwa amemkata mguu wa kushoto juu ya goti. Lugha yake ilikuwa Kinamwanga, wao Kindali, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, ambacho hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho. Alimsalimia Nesta akiwa amesimama, akatazama chini kwa haya. Alikuwa amevaa mguu wa Chama, mmojawapo wa ile tisa ya kushoto.

"Mguu una kasoro gani?" Lusungu alimuuliza.

"Hauna kasoro, kaka. Unasimama."

"Sasa?"

"Unasimama tu. Goti lake ni gumu. Mimi ni mwanamke, kaka. Moto uko chini. Jiwe la kusagia liko chini. Mama mkwe anasalimiwa chini. Kanisani wote wanapiga magoti, mimi nabaki juu kama nguzo. Mchungaji ameniuliza kama nina neno na Mungu."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ninalo, lakini si hilo."

Lusungu alimweleza ukweli: goti hajawahi kutengeneza. Lake mwenyewe lilikuwa bado lipo, hakuwahi kulifikiria. Nesta, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akasema bila kuinua macho, "Milango yako inafunguka na kufungwa. Au si wewe unayeitengeneza?"

Anastazia alikaa nyumbani kwao siku kumi na moja. Lusungu alichukua bawaba mbili za sanduku bovu la kanisa, akazifanya goti, kisha akaweka komeo dogo la mninga: mguu ukinyooka linajifunga, ukivuta ukanda wa ngozi linafunguka. Goti la kwanza lilifunguka lenyewe, Anastazia akajikuta amempigia magoti mbuzi wa jirani. La pili lilikataa kunyooka. Alibaki chini tangu chai hadi Nesta alipoleta nyundo. Anastazia alicheka mpaka machozi. Lusungu hakucheka, aliandika kwa mkaa ukutani mahali komeo lilipokwama.

Siku ya kumi na moja Anastazia alikwenda jikoni, akavuta ukanda, akashuka polepole, akapuliza moto. Kisha akasimama bila kushikwa. Akashuka tena. Alirudia mara saba, na moto ulikuwa umeshawaka tangu ile ya kwanza. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mbele ya Nesta, akampigia magoti, akamwamkia upya kama mtu aliyefika dakika hiyo. Nesta aliitika, akajifuta uso kwa upindo wa nguo, akalaumu moshi.

Mwaka uliofuata Chama kilituma mjumbe, mama mmoja mrefu aliyeitwa Miss Elizabeti, aje kuona miguu yake inaendeleaje. Alipanda Ibaba na Barnaba kama mkalimani. Alikuwa na karatasi za maswali. Alimwona Lusungu akishuka kilima na mlango kichwani, akaandika kitu kwa furaha.

"Anauliza kama umeridhika na mguu," Barnaba alisema.

"Upi?"

"Uliovaa."

"Nimeridhika."

"Mwambie huu si wao," Nesta alidakia.

Barnaba akasita, kisha akamwambia. Miss Elizabeti aliinamia ule mguu kwa muda mrefu, akagonga tairi kwa kalamu. Akaomba kuona ule wa Chama. Lusungu akamwonyesha vipande vyake vilivyobaki, vyote, vimepangwa juu ya mkeka, hakikupotea hata kimoja. Akamweleza na habari ya Anastazia. Mama yule alipekua karatasi zake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na maswali ya kutembea, ya kusimama, ya kupanda ngazi. La kupiga magoti halikuwepo. Akageuza ukurasa wa mwisho, akaliandika kwa mkono.

"Anauliza Chama kikusaidie nini," Barnaba alisema. "Kinaweza kuleta miguu mingine."

"Kisilete miguu. Kilete bawaba na vikombe vya ngozi. Miti tunayo."

Barnaba alitafsiri. Yule mama akauliza mara mbili kama amesikia sawa.

Jibu lilichukua miezi kumi na minne. Barua ilisema kwamba kamati imelijadili ombi lake katika vikao vitatu, na kwamba ombi la namna hiyo halikuwa na fungu lake la fedha, kwa hiyo limeundwa fungu. Pamoja na barua lilikuja sanduku: bawaba za chuma arobaini, ndogo, imara, zenye mafuta bado, na vikombe ishirini vya ngozi, nusu kushoto na nusu kulia. Lusungu alivihesabu upande kwa upande, akamwambia Nesta kwamba huko Ulaya sasa kuna mtu anayesikiliza.

Kufikia mwaka 1957 watu kumi na saba walikuwa wamepata miguu bandani kwake. Kila mmoja Lusungu alimuuliza swali lilelile kabla ya kupima: mguu huu unautaka ufanye nini? Wa kumi na nane alikuwa Kefa, tarishi wa zamani, aliyejibu kwamba anataka wa kupanda baiskeli. Lusungu hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alimwambia aende akailete.