Fimbo Ndefu Kuliko Zote

Juzi, katika duka moja la barabara ya Chaussée d'Ixelles, nilimwona baba akimpimia binti yake fimbo za kuteleza kwenye theluji, nikanusa tena mpira mpya na makoti yaliyolowa mvua. Mimi nilipopelekwa utotoni kununuliwa zangu kwa safari ya shule, maman alichagua ndefu kuliko zote.

“Mutoto anakomea,” alimwambia tantine wangu, ndugu yake, akimaanisha kwamba bado ninakua. “Donc atazitumikisha myaka mingi.”

Muuzaji alinishikisha moja. Kiwiko kilipaswa kukunjika kama pembe ya meza, lakini mkono wangu ulifika sikioni. Watu wakacheka. Maman naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. Nilisogea mbali naye kwa aibu, nikidhani haelewi kwamba anachekwa yeye.

Leo najua alielewa kabla yangu. Alicheka ili macho yao yamwendee yeye, yaniache mimi.